Kamera ilipowataja mbwa wanne: kisa cha banda moja Changamwe

Kampuni moja ya ulinzi hapa Mombasa ina mbwa 14 wanaolinda maghala usiku kati ya Changamwe na Miritini. Mwishoni mwa kaskazi, mmoja wao, German Shepherd dume wa miaka minane anayeitwa Radi, alianza kuburuta kucha za mguu wa nyuma wa kulia. Meneja alikuwa ameshanunua kamera ya joto iliyotumika kutoka kwa fundi aliyekuwa akikagulia swichi za umeme na kontena za baridi bandarini. Asubuhi moja akawapiga picha mbwa wote. Wanne, Radi akiwemo, wakaonekana na madoa mekundu mgongoni au miguuni. Akaniita mimi, daktari wa wanyama, na swali moja: je, hawa wanne wana ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na niwaondoe kazini?

Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko lilivyosikika. Mbwa wa ulinzi akiondolewa kazini mara nyingi hana pa kwenda. Si mbwa wa kuchezewa na watoto nyumbani, na watu wa kumchukua ni wachache. Wengi huishia kudungwa sindano ya kuwalaza moja kwa moja. Kwa hiyo doa jekundu kwenye kioo cha kamera lilikuwa linakaribia kuwa hukumu, na mimi sikuwa tayari kuitia sahihi kabla ya kujua doa lile limetoka wapi.

Kamera ya namna hii haioni ndani ya mwili. Haioni uti wa mgongo, wala diski zilizo kati ya pingili, wala neva, yaani mishipa ya fahamu. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ya infraredi, ile ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1800 alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliopitishwa kwenye prizimu, mahali ambapo jicho halioni chochote, na kipimajoto kikapanda. Kamera hukusanya mionzi hiyo na programu yake huipaka rangi: penye joto zaidi pekundu au peupe, penye baridi buluu. Inachokisoma ni uso wa mnyama tu, yaani manyoya, na pale manyoya yalipo haba, ngozi.

Neva huingia katika picha kwa njia ya damu. Mishipa midogo ya damu chini ya ngozi hubanwa na kulegezwa kwa amri ya neva za simpathetiki, ambazo hutoka kwenye uti wa mgongo, sehemu ya kifua na mwanzo wa kiuno. Neva hizo zikiharibika, mishipa ya damu hulegea, damu hupanda juu na ngozi hupata joto. Mbwa mwenye dalili za Horner, ambaye neva ya simpathetiki ya upande mmoja wa uso haifanyi kazi, huwa na mboni ndogo na kope iliyolegea upande huo, na sikio la upande huo huweza kuwa na joto kuliko la pili. Hapo kamera inaona athari halisi ya neva. Lakini uvimbe wa kiungo pia huleta joto. Kidonda huleta joto. Kuumwa na kupe huleta joto. Mguu usiotumika hupoa kwa kuwa misuli imesinyaa, na mguu uliozibwa mshipa mkubwa na bonge la damu hupoa zaidi na kwa haraka. Mbwa huyo naye huburuta mguu, lakini ugonjwa wake ni wa mshipa wa damu na kila saa inayopita ni hasara. Rangi moja, sababu nyingi. Ndiyo maana siwezi kusoma jina la ugonjwa kwenye rangi.

Hata hivyo kifaa hiki si cha kubezwa. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti kwenye jarida la Veterinary Surgery kuhusu mbwa wenye miguu mifupi na migongo mirefu, wa aina ya Dachshund na wenzake, waliopasuka diski za mgongo. Diski za mbwa hawa hukauka na kuwa ngumu mapema kwa sababu ya urithi, na siku moja diski hupasuka na kiini chake husukuma uti wa mgongo. Watafiti walizichambua picha za joto kwa kompyuta iliyofundishwa kutambua mpangilio wa joto, na ikaweza kuwatenganisha wagonjwa na wazima kwa kiwango cha asilimia 90. Hiyo ni kazi ya maana. Meneja alikuwa ameisikia habari hiyo, ama kitu kinachofanana nayo, na matumaini yake hayakuwa ya kijinga.

Tatizo ni kwamba mbwa wa utafiti ule walikuwa hospitalini. Waliofikishwa pale tayari walikuwa wakiyumba au wamelala chini. Banda la Changamwe ni kitu kingine: mbwa 14 wanaokula, wanaobweka, wanaopanda gari kila magharibi. Nilimchorea meneja hesabu kwenye karatasi, na naiweka hapa kwa kuwa ndiyo kiini cha kisa chote.

Chukua kipimo kinachowakamata wagonjwa 9 katika kila 10, na kinachowasingizia wazima 1 katika kila 10. Kipeleke hospitalini penye mbwa 100, wagonjwa 50 na wazima 50. Kitawataja wagonjwa 45 na wazima 5. Kikikutajia mbwa, una haki ya kukiamini. Sasa kipeleke kipimo kilekile, bila kukibadilisha hata kidogo, kwa mbwa 100 wa kazi ambao kati yao wagonjwa ni wawili tu. Wale wawili pengine kitawakamata wote. Lakini kati ya wazima 98 kitawasingizia kama 10. Utaletewa majina 12, na kumi kati yao hawana kitu. Meneja aliitazama karatasi, akauliza, "Kwa hiyo Daktari, kamera ni nzuri na bado inanidanganya?" Nikamwambia kamera haidanganyi, inajibu swali ambalo yeye hakuliuliza. Yeye aliuliza nani ana ugonjwa wa neva. Kamera ilijibu nani ana sehemu yenye joto kuliko sehemu nyingine.

Tuliishi na jambo hili wakati wa korona. Pale kwenye milango ya benki na maduka tulielekezewa kipimajoto kwenye paji la uso, na mtu aliyetoka kutembea juani kutoka stendi akaambiwa asubiri kivulini apimwe tena. Kila mtu alielewa kwamba jua la njiani si homa. Kwa mbwa tunasahau.

Na picha za asubuhi ile zilipigwa katika hali mbaya kabisa. Mbwa walikuwa wamerudi zamu ya usiku wakiwa wamebanana nyuma ya pick-up. Wengine walikuwa wamejilaza ubavu mmoja kwenye saruji iliyokwisha kupata jua. Mmoja alikuwa ameogeshwa dawa ya kupe na bado ameloa, na maji yanapokauka hupoza manyoya kwa mabaka. Radi alikuwa amevuliwa mkanda wa kifuani muda si mrefu, na alama ya mkanda ilionekana wazi kwenye picha kama ugonjwa wa ajabu. Nyuma yao kulikuwa na ukuta wa mabati, na mabati yanayong'aa hurudisha mionzi ya vitu vingine, hata ya mtu aliyeshika kamera.

Ongeza hewa yetu yenyewe. Mwili wa mbwa kwa ndani ni nyuzi 38 hadi 39. Mwezi wa Machi hewa ya Mombasa mchana hupita nyuzi 30, tena imejaa unyevu. Mbwa anayehangaika kujipoza hulegeza mishipa ya damu ya ngozi karibu mwili mzima, hutoa ulimi na kuhema, na ile tofauti ndogo kati ya upande na upande humezwa na joto la kila mahali. Jambo la mwisho ni lile lililoandikwa kwenye kijitabu cha kamera ambalo watu hawalisomi: kamera za bei ya kati hutofautisha sehemu mbili zilizopishana kwa chini ya sehemu ya kumi ya nyuzi, lakini namba kamili zinazotaja huweza kukosea hata kwa nyuzi mbili. Maana yake ni kwamba haifai kwa kusema mbwa huyu ana nyuzi ngapi. Inafaa kwa kulinganisha kushoto na kulia kwa mbwa mmoja, wakati mmoja, katika chumba kimoja.

Nikaomba tuwarudie wale wanne, na wenzao wote, kwa utaratibu. Chumba pekee chenye kiyoyozi kilikuwa ofisi ya meneja. Tulikiweka kwenye nyuzi 22, tukafunga mapazia, tukageuza vibao vya kiyoyozi vipulize juu kwenye dari, kwa sababu upepo wa baridi ukimpiga mbwa ubavu mmoja utampoza upande huo na kutengeneza ugonjwa usiokuwepo. Kila mbwa aliingia mkavu, bila mkanda, akasimama au kukaa na mshika mbwa wake kwa robo saa hivi bila kupapaswa. Kamera iliwekwa umbali uleule, ikimtazama mgongo kwa juu moja kwa moja, kisha ubavu, kisha nyayo.

Hapa nieleze jambo moja kuhusu meneja, kwa ruhusa yake. Ni mtu wa Mji wa Kale, mwenye kushika dini yake, na kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, ute wa mbwa ni najisi nzito, ya kuoshwa mara saba na mojawapo kwa udongo. Kufuga mbwa kwa ulinzi kumeruhusiwa, na yeye huwalisha mbwa wake vizuri kuliko wengi ninaowajua, lakini hawashiki. Kamera isiyogusa ilikuwa kwake njia ya kuwajali bila kujitia najisi. Hilo nililiheshimu, na nililisema wazi mbele yake. Ila uchunguzi wa mishipa ya fahamu ni kazi ya mikono toka mwanzo hadi mwisho. Tukakubaliana: mikono ni yangu na ya washika mbwa, macho na daftari ni ya meneja. Akakaa pembeni akiandika kila nilichotamka, na daftari lake limenifaa kuliko picha zote.

Kabla ya kumgusa mbwa yeyote nilidai kadi za chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtu akiniambia mbwa anayumba au miguu ya nyuma imelegea, hilo ndilo la kwanza, kabla ya mgongo na kabla ya diski, kwa sababu kichaa cha mbwa kina sura ya kupooza ambayo haina ukali wala povu, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Watafiti wa Marekani walijaribu mwaka 2006 kutumia kamera ya joto kuona dalili za kichaa kwa wanyama waitwao rakuni, wakitazama joto la pua. Ni utafiti wa kuvutia, lakini asije mtu hapa kwetu akasimama mbele ya mbwa asiyejulikana chanjo yake akitegemea kamera imwambie yuko salama. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Kadi za Changamwe zilikuwa kamili, tukaendelea.

Sasa wale wanne. Simba, aliyekuwa na mstari mwekundu wa kutisha toka bega hadi mkia, aliingia ofisini na mstari ukapotea wote. Alikuwa ameegemea bati lenye jua. Nilimchunguza kwa mkono, hana kasoro. Chui alibaki na joto kwenye kiwiko cha kushoto, na kiwiko hicho kilikuwa na kivimbe cha maji kilichoingia usaha, ugonjwa wa mbwa wazito wanaolala kwenye saruji tupu bila gunia wala mkeka. Neva zake nzima.

Bahati alikuwa na joto mwili mzima, masikio hata tumbo, ndani ya chumba cha nyuzi 22. Kipimajoto cha kawaida cha kuingiza nyuma kikasoma zaidi ya nyuzi 40. Ufizi umepauka, kupe wamejaa ndani ya masikio na katikati ya vidole. Damu yake ilionyesha chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimeshuka sana, na ugonjwa wa kupe uitwao ehrlichiosis, ambao kwa ukanda huu ni wa kila siku, ulitibiwa kwa doksisaiklini. Kamera hapo ilisaidia, sina budi kuipa haki yake. Lakini ingekuwa imemhukumu kwa ugonjwa asiokuwa nao, na kipimajoto kingemkamata hata kamera isingekuwepo.

Akabaki Radi. Ofisini doa la mwisho wa kiuno, pale mgongo unapokutana na nyonga, halikupotea. Zaidi ya hapo, unyayo wa nyuma wa kulia ulikuwa na ubaridi kuliko wa kushoto. Hii sasa ni picha yenye neno, kwa sababu ina upande na ina mahali. Ikaniambia nianzie wapi kushika.

Nilimtembeza kwanza kwenye sakafu ya saruji. Kucha mbili za katikati za mguu wa nyuma wa kulia zilikuwa zimelika kama zimepigwa tupa. Nilimkunja vidole vya mguu huo vikatazama nyuma na mgongo wa unyayo ukakaa sakafuni. Mbwa mzima huurudisha mguu papo hapo. Radi aliuacha, akautazama, kisha akaurudisha pole pole. Mguu wa kushoto aliurudisha mara moja. Niligonga chini ya goti, mguu ukaruka vizuri pande zote mbili. Nilipombana kidole cha kulia ili auvute mguu, nyonga na goti vilikunjika lakini kifundo kikabaki kimelegea. Maumivu ya ndani aliyasikia, akageuka kunitazama, na hilo lilinipa faraja kubwa, maana mbwa aliyepoteza hisia hiyo nafasi yake ya kutembea tena hushuka sana. Kisha nikamwinua mkia. Mshika mbwa wake, kijana kutoka Kaloleni aliyekaa naye miaka, alinionya, "Daktari, hapo hapapendi." Kweli hakupapenda. Nilipobonyeza pale pingili ya mwisho ya kiuno inapokutana na mfupa wa nyonga, alinguruma na kujikunja. Miguu ya mbele, macho, taya, kumeza, vyote sawa. Mkojo anauzuia.

Ukiyapanga haya pamoja, ramani inakuwa wazi. Goti linaruka, kwa hiyo neva ya femorali na sehemu ya uti wa mgongo inayoitoa ni nzima. Kifundo kimelegea, kwa hiyo neva ya siatiki imeguswa. Maumivu yapo mwisho wa kiuno. German Shepherd wanajulikana kwa kubanwa neva mahali hapo hasa, ambapo tundu la uti wa mgongo hupungua kwa diski iliyotokeza na mifupa iliyoota. Eksirei ilionyesha mifupa imeota kwenye kiungo hicho, ingawa mbwa wengi wazee wana mifupa ya namna hiyo na wanakimbia bila shida, na eksirei haionyeshi neva yenyewe. MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ndiyo ingeonyesha. Kwa hiyo niliandika kuwa ugonjwa huo ndio unaoelekea zaidi, wala sikuandika kuwa umethibitika, na tukaanza matibabu: mapumziko ya wiki kadhaa, dawa ya kutuliza uvimbe ya kaprofeni, gabapentini kwa maumivu ya neva, kupunguza uzito. Na kuacha kuruka. Kila magharibi Radi alikuwa akirushwa kwenye pick-up akikanyagia miguu ya nyuma na kuunyoosha mgongo kwa nguvu zote, kitendo ambacho hubana kiungo hichohicho. Hakuna kamera iliyotuambia hilo. Tulilipata kwa kumwuliza kijana mbwa anapandaje gari.

Hapo ndipo ningemaliza, kama ningewashughulikia wanne waliotajwa tu. Lakini kanuni ya uchunguzi wa awali ni kwamba waliopita nao watazamwe, angalau kwa mkono wa haraka, na kwa wale kumi waliopita picha ya joto nilifanya vitu vitatu tu: kutazama kucha, kukunja vidole, kuinua mkia.

Malkia, German Shepherd jike wa miaka tisa, alikuwa na picha nzuri kuliko zote. Kushoto na kulia vilifanana kama vimekunjwa karatasi. Mshika mbwa wake, mama mmoja wa makamo ambaye ni mwanamke pekee katika kikosi hicho, akasema kabla sijamgusa: "Huyu usiku namsikia akitembea, kucha zinakwaruza. Nikasema ni uzee, nikanyamaza." Nilimkunja vidole vya nyuma. Kulia hakurudisha. Kushoto alirudisha kwa kuchelewa. Nilipomgeuza ghafla miguu ya nyuma ilipishana. Magoti yaliruka kwa nguvu kupita kiasi. Na popote nilipobonyeza mgongoni, toka shingo hadi mkia, hakuonyesha maumivu hata chembe, alinilamba mkono.

Hii ni picha nyingine kabisa. Tatizo liko juu zaidi, kati ya kifua na kiuno, linagusa pande zote mbili, halina uvimbe wala maumivu, na limekuja pole pole. Kwa German Shepherd wa umri huo ugonjwa unaotajwa kwanza ni kuoza kwa uti wa mgongo kwa urithi, ambao nyuzi za neva ndani ya uti hufa kidogo kidogo. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kuwa unahusiana na kasoro katika jini ya SOD1, jini ileile ambayo kwa binadamu huhusika na baadhi ya wagonjwa wa ALS, ugonjwa wa kufa kwa neva zinazoendesha misuli. Ugonjwa huo hauwashi moto wowote mgongoni. Kwa hiyo ile kamera, hata ingekuwa mpya na chumba kingekuwa barafu, haikuwa na sababu kubwa ya kumtaja Malkia. Kati ya mbwa wote 14, yeye ndiye mwenye ugonjwa mzito zaidi, na ndiye picha yake ilimsafisha.

Hili nataka lieleweke kwa wenzangu wanaofikiria kununua vifaa hivi, na wanaongezeka. Kosa la kumsingizia mzima tunaliona haraka kwa sababu mbwa yuko pale anaruka. Kosa la kumpitisha mgonjwa halionekani. Picha nzuri huwafanya watu waache kutazama, na mama yule alikuwa amekwisha kuambiwa asubuhi ile kwamba mbwa wake yuko sawa. Alikuwa na habari sahihi masikioni mwake na kifaa kikamnyamazisha. Hilo limeniuma kuliko wale watatu waliosingiziwa ugonjwa wa neva.

Tulimchukua Malkia ute wa ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, ukapelekwa kupimwa jini. Majibu yalirudi na nakala mbili za kasoro. Nilimweleza meneja kwa makini, maana majibu ya jini nayo hugeuzwa hukumu upesi: nakala mbili maana yake yuko hatarini, na wapo mbwa wenye nakala mbili wanaozeeka bila kuugua. Uhakika kamili hupatikana kwa kuuchunguza uti wa mgongo baada ya kifo. Lakini umri, aina, mwendo, kutokuwa na maumivu na majibu haya yakiwekwa pamoja, naamini ndio huo. Dawa ya kuuzuia haipo. Kinachosaidia ni kumtembeza kila siku kwa kipimo ili misuli isisinyae, kumvisha viatu ili nyayo zisichubuke, kumwekea mikeka asiteleze, na baadaye mkanda wa kumshikilia tumboni. Wengi hupoteza uwezo wa kusimama miguu ya nyuma ndani ya miezi sita hadi mwaka mmoja tangu dalili zianze.

Nilimwomba meneja asimpe sindano. Sikumwomba kwa huruma peke yake. Malkia hana maumivu, anakula, anamjua kila dereva wa lori anayeingia, na masikio yake ni mazima. Anaweza kukaa getini mchana na kubweka, kazi ambayo haihitaji kukimbia. Meneja alifikiri muda mrefu, akamwita yule mama, akamwuliza kama yuko tayari kumtunza hali hiyo. Akajibu, "Bosi, nimekuwa naye tangu mtoto." Wakakubaliana palepale, na meneja akaandika daftarini kuwa Malkia amehamishiwa getini, mlezi wake yuleyule, chakula kilekile.

Kuhusu kamera, haikuuzwa wala haikutupwa. Sheria waliyojiwekea, na nimeiona imebandikwa ukutani ofisini, ni kwamba hakuna mbwa anayeondolewa kazini kwa picha. Picha hupigwa ndani ya ofisi tu, mbwa akiwa mkavu, na ikionyesha upande mmoja tofauti na mwingine, mbwa huguswa siku hiyo. Mwanzo wa kila mwezi washika mbwa hutazama kucha, hukunja vidole na kuinua mkia kwa mbwa wote, awe ametajwa na kamera au hakutajwa, na huandika. Kwa Radi picha imepata kazi inayoifaa zaidi: kumfuatilia yeye na yeye mwenyewe, mwezi kwa mwezi. Doa la kiuno limepungua, ule unyayo wa kulia unaukaribia wa kushoto kwa joto, na vidole sasa anavirudisha upesi, ingawa bado si papo hapo. Amerudi zamu fupi. Pick-up imefungiwa ubao wa kupandia, na mbwa wote huutumia.